Nafasi ya Saba

Meza ilikuwa tupu. Zilibaki nyaya tatu zinazoning'inia na vijiduara vinne visivyo na vumbi, pale ilipokuwa imekaa miguu ya konsoli, mashine ya kuchezea michezo ya video.

Inspekta aliizunguka meza mara mbili, halafu mara ya tatu. Hakuwa mtu wa kukaa. Kituoni walimtania kwamba kiti chake kitastaafu kikiwa kipya.

"Iliibwa lini?"

"Kati ya saa moja na saa mbili asubuhi hii," alijibu Mkurugenzi wa kampuni. "Tulikuwa kwenye kikao ukumbini. Tuliporudi, hola."

"Na uzinduzi ni lini?"

"Leo, saa kumi jioni. Waandishi wa habari mia mbili. Bila mashine ile nimekwisha, Afande."

Alimvuta hadi dirishani. Ng'ambo ya barabara lilisimama jengo la wapinzani wake, limefunikwa bango la ghorofa sita lenye maneno mawili tu: Wiki ijayo.

"Wale wanatoa konsoli yao wiki ijayo. Mimi natangulia leo, na kwa bei ya chini kuliko yao. Mashine zenyewe tunaziuza kwa hasara. Faida iko kwenye michezo. Anayewahi kuingia sebuleni kwa watu ndiye anayekaa miaka saba, mpaka toleo jipya. Anayechelewa anafunga kiwanda."

"Kiwandani hamna nyingine?"

Mkurugenzi alisita. "Zipo. Lakini hii ndiyo iliyoandaliwa kwa ajili ya jukwaa."

Inspekta aliona alivyosita, akaliweka hilo akiba.

"Mlango huu unafunguliwa kwa kadi," Mkurugenzi aliendelea kwa fahari. "Kompyuta inaandika kila anayeingia na kutoka."

Koplo, aliyekuwa amepiga magoti akitafuta alama za vidole, alikohoa. "Afande, mlango huu haufungwi."

Chini ya mlango ilikuwa imelazwa konsoli ya zamani, toleo lililokwisha kuachwa kutengenezwa, ubavu wote umechubuka. Wapimaji, wale wanaoucheza kila mchezo ili kuzitafuta kasoro, walikuwa wameifanya kigingi. Mashine zikiwashwa kutwa nzima chumba kile kilikuwa tanuri, na kila mtu alikuwa amechoka kutoa kadi.

Mkurugenzi alitoa macho. "Tangu lini?"



Mshukiwa wa kwanza hakuhitaji kutafutwa. Mkuu wa wapimaji waliyemwita Kidole, kwa sababu gumba lake la kulia lilikuwa na sugu nene kuliko la mkulima, hakuonekana kwenye kikao. Wiki iliyopita mlinzi alimwona akitoka kwenye lile jengo la ng'ambo. Koplo alikuwa tayari ameshatoa pingu.

"Saa moja ulikuwa wapi?" Inspekta alimuuliza, akitembea kutoka ukuta hadi ukuta.

"Ng'ambo ya barabara."

"Ukifanya nini huko?"

"Usaili. Naomba kazi."

"Siku ya uzinduzi wa kampuni yako?"

"Ndiyo siku waliyonipangia."

"Ukaenda na mashine iwe zawadi."

"Kuomba kazi si wizi, Afande. Mke wangu anajifungua mwezi ujao. Nikitoka hapa na pingu, hakuna kampuni itakayonigusa, si hii wala ile."

Inspekta alisimama. Simu mfukoni mwake ilikuwa ikitetemeka. Alikuwa Mkuu wake wa kituo, akipiga kwa mara ya tatu. Aliiacha itetemeke.

"Nionyeshe kwenye kompyuta. Mashine ilifanya nini kabla ya kuzimwa?"

Kidole aliinama akasoma. "Saa moja na dakika kumi na nane, imepewa amri ya kuhifadhi mchezo. Saa moja na dakika ishirini na tisa, imezimwa."

"Dakika kumi na moja za nini?"

"Mchezo huo tumeucheza kwa zamu wiki tatu bila kuuzima. Kuuhamishia kwenye kompyuta hii kunachukua muda. Ukichomoa waya kabla haujaisha, kazi yote inapotea." Alisogeza uso karibu na kioo. "Ajabu."

"Nini?"

"Tuko wapimaji sita, na nafasi za kuhifadhi ni sita. Kila mtu na yake, hagusi ya mwenzake. Huyu kafungua ya saba."

Inspekta alianza tena kutembea, safari hii haraka.

"Mwizi wa kutumwa angechomoa waya akatoka mbio. Huyu kasimama dakika kumi na moja, mlango wazi, roho mkononi, akingoja kazi ya watu iwe salama. Angekuwa mpimaji, angetumia nafasi yake. Nani mwingine anaingia humu na anazijua desturi zenu?"

Kidole alitazama sakafu. "Siwezi kumtaja mtu aliyenifundisha kazi."

"Basi nikufunge wewe?"

"Afande, si mtu mbaya. Kila asubuhi hupita hapa kuishika mashine mgongoni, kama mama anayempima mtoto homa." Akafunga mdomo, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Anayepima joto la mashine ni fundi wa kuipoza. Inspekta na Koplo waliteremka hadi karakana ya vipozeo, vifaa vya kupoza mashine, chini kabisa ya jengo. Mama Feni, fundi aliyebuni mifumo ya kupoza konsoli zote za kampuni kwa miaka ishirini na sita, alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya kabati la kuwekea televisheni, bisibisi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmechelewa."

Alifungua kabati. Ndani ziliwaka konsoli mbili zinazofanana kama pacha.

"Shika hii ya kushoto," alisema.

Inspekta aliigusa, akaurudisha mkono haraka.

"Sasa hii ya kulia."

Ilikuwa vuguvugu tu.

"Hiyo ya kulia ndiyo niliyoichukua."

Mkurugenzi, aliyewafuata akihema, alijishika kichwa. "Mama Feni, umeniua."

"Mama, hulazimiki kusema lolote," alisema Inspekta. "Utakalosema litaandikwa, na linaweza kutumika mahakamani."

"Ndiyo maana nataka liandikwe."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Inspekta alivuta kiti, akakaa, akafungua daftari.

"Mimi niliipa mashine hii feni kubwa," Mama Feni alianza. "Wale wa ng'ambo wakashusha bei. Bosi naye akataka kushuka chini yao, akaamuru tuweke feni ndogo. Nikaandika ripoti tatu. Nikajibiwa: baada ya uzinduzi. Kiwandani zimejaa maghala mawili, zote kama hiyo ya kushoto. Ya jukwaani tu ndiyo iliyobakishiwa feni yangu, ili waandishi wasione kitu." Alipapasa ubao wa nyuma wa kabati. Ulikuwa na doa jeusi la moto, pana kama sahani. "Hili liliungua wiki mbili zilizopita. Hapa nilikuwepo na ndoo ya maji. Kwenye nyumba ya mtu nani atakuwepo? Watoto wanacheza, wazazi wako kazini. Nilikosa usingizi. Nikasema, isipokuwepo ya kudanganyia, watalazimika kuonyesha ya kweli au kuahirisha."

Mkurugenzi alipata matumaini kidogo. "Basi, yameisha. Afande, ni mambo ya ndani. Nafuta malalamiko. Nipe mashine yangu, zimebaki saa nne tu."

"Mimi sijafuta," alisema Mama Feni. "Niliiba. Niliingia, nikazima, nikabeba ndani ya kikapu. Mwanangu, umeandika?"

"Nimeandika."

Mama Feni alichukua kalamu akatia sahihi, bila haraka.

Inspekta alimwangalia, na hapo ndipo alipouelewa mpango mzima. Moyo ulimuuma, lakini sheria alikuwa anaijua.

"Jalada limefunguliwa, mtuhumiwa amekiri," alimwambia Mkurugenzi. "Mashine hii sasa ni kielelezo cha kesi. Haitoki mpaka hakimu aseme. Na hilo kabati pia nalichukua."

"Nitapanda jukwaani na nini?"

"Umesema kiwandani zipo."

Mkurugenzi alinyoosha mkono kuelekea konsoli ya kushoto, akaurudisha kabla haujafika. Akatoa simu, akageukia ukuta. "Ahirisheni," alisema kwa sauti ya chini. "Nimesema ahirisheni. Wacha wao watangulie."

Kidole alikuwa amesimama mlangoni, macho yamemlowa. "Kwa nini hukuniambia, mama? Ningekusaidia kubeba."

"Ungeshitakiwa pamoja nami. Na wewe una mtoto njiani."

Mama Feni alizima konsoli ya kushoto, akanyoosha mikono yake mbele ya Koplo. Koplo alimtazama Inspekta. Inspekta alitikisa kichwa kukataa, na pingu zikarudi mfukoni.