Sahani Iliyobaki Majini

Stima ilipotea saa sita na robo, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na supamaketi ile ya kando ya barabara ya Namanga ilikuwa imejaa mpaka hapakuwa na pa kugeuzia troli. Kitengela nzima ilikuwa imekuja kununua unga. Watoto walishangilia giza, mama mmoja akaita jina la Yesu, na Wakhungu, ambaye hakutaka kupoteza nafasi yake kwenye foleni, akasukuma troli yake bila kuona na kumgonga mtu kisigino.

"Wewe! Unanigonga na gari na hata hujawasha taa!"

"Pole sana, madam. Umeumia?"

"Mguu ni wangu, kwa hivyo ndio, nimeumia. Uko na leseni ya hii kitu?"

Jenereta ikanguruma na taa zikarudi. Mbele yake alisimama msichana mwenye sketi ya kitenge cha manjano, raba nyeupe na rasta zilizofungwa nyuma. Blauzi yake ya zambarau ilikuwa ya mikono mirefu, vifungo vimefungwa mpaka kwenye viganja, na joto lote lile. Alikuwa amekunja uso, ila mdomo ulikuwa unamsaliti kwa kicheko.

"Naitwa Wakhungu. Nafanya kazi Kajiado kwa mpima mashamba. Troli si kazi yangu."

"Kumbe nyinyi ndio mnapanda zile bikoni za mipaka, majirani wanang'oa?"

"Tunapanda. Waking'oa, tunarudi."

"Mimi ni Mugure. Niko pale agrovet ya kona, nauza dawa ya kuku. Ukiwa na kuku mgonjwa, kuja. Ukiwa na troli, usikuje."

Alikwenda Jumatatu, na hakuwa na kuku hata mmoja. Ndivyo walivyoanza Bwana Bikoni na Daktari wa Kuku, maana majina hayo ndiyo waliyoyaandika kwenye simu zao.

"Daktari, jogoo wangu hakuli," Wakhungu alikuwa akipiga simu kusema saa ya chakula cha mchana.

"Dalili?"

"Anafikiria msichana wa Kitengela."

"Huyo mchinje, babe. Amekwisha."

Miezi minne ilipita hivyo, tamu kweli, na katika miezi hiyo yote Wakhungu hakuwahi kuona kiwiko cha mpenzi wake. Alidhani ni adabu. Mwanamume akipenda hudhani mambo mengi, na huyu alijiona hodari wa kusoma alama kwa sababu ndiyo kazi iliyomlisha.

Jumapili moja akampeleka nyumbani kwa mama yake. Rebecca alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Bungoma, mjane, kiongozi wa maombi ya akina mama katika mtaa wao. Alimpenda Mugure tangu tonge la kwanza, kwa sababu msichana alimaliza ugali bila kulazimishwa. Baada ya kula, Mugure akaenda jikoni kuosha vyombo. Mikono ya blauzi ilikuwa imelowa mpaka juu.

"Kunja mikono basi, Daktari. Unaosha vyombo ama unaosha blauzi?"

"Niko sawa, babe. Wacha."

Wakhungu akaona ni mchezo. Akaja kwa nyuma, akafungua kifungo, akausukuma mkono wa blauzi mpaka kwenye kiwiko.

Kulikuwa na alama. Nyembamba, za zamani, zimepangana. Sasa, katika nyumba aliyolelewa Wakhungu, mganga aliogopwa kuliko ugonjwa. Tangu utotoni aliambiwa kwamba mwanamke anayetaka kumfunga mwanamume huenda akachanjwa chale, akapakwa dawa, na mwanamume akawa zuzu. Alikuwa amempenda msichana huyu haraka mno, na sasa akadhani ameijua sababu.

"Mugure, nani alikuchanja chale?"

"Chale?"

"Ulienda kwa mganga? Juu yangu?"

Mugure alirudisha mkono wa blauzi chini, akafunga kifungo kwa vidole vyenye povu, akaacha sahani ndani ya maji. Alipita sebuleni, akamshukuru Rebecca kwa chakula, akaondoka.

Wakhungu angeweza kunyamaza. Hapo mimi simtetei. Rebecca alipouliza mgeni amekwenda wapi, alimwambia kila kitu, na Rebecca hakuwa mtu wa kuficha jambo, wala kwa Mungu wala kwa kikundi chake. Saa kumi akina mama tisa wakaketi katika sebule ile ile, na jina la Mugure likatajwa kwa sauti ili afunguliwe vifungo vya waganga. Wakhungu, kwenye kiti cha karibu na mlango, akaitikia amina.

Amina ilikuwa bado mdomoni simu ilipotetema. Daktari wa Kuku. Akakata. Ikatetema tena, akakata. Mara ya tatu akaitazama kidogo kabla ya kuikata. Kisha ujumbe ukaingia:

"Si chale. Nilikuwa najiumiza mwenyewe, miaka mitatu. Nilikuwa nimemaliza miezi saba bila. Niliambiwa ikinizidi nipigie mtu. Ndio maana nilikuwa nakupigia."

Aliusoma akina mama wakiimba. Akatoka nje, akapiga, hakupatikana. Akakimbia mpaka kwenye nyumba aliyopanga Mugure pamoja na rafiki yake Seleyian, muuza shanga, na Seleyian akamfungulia geti nusu tu.

"Ako salama. Niko na yeye, na sitoki."

"Amejiumiza?"

Seleyian aliangalia chini, na Wakhungu akapata jibu lake.

"Kesho nampeleka kliniki Kajiado. Hataki kukuona. Na leo hata mimi sitaki kukuona, shemeji."

Aliita shemeji kwa mazoea, na neno hilo lilimchoma Wakhungu kuliko tusi. Siku tatu zilizofuata alikosea vipimo mpaka bosi wake akamwambia akae kwenye gari. Kila akifumba macho aliona kidole chake kikikata simu. Moja, mbili, tatu. Jumatano akaingia kwenye ile kliniki, akaomba kumwona mshauri. Akakutana na Jacinta, mama wa miwani mwenye sweta ya kijani, mtu asiyezungusha maneno.

"Mgonjwa yeyote wa hapa, simwongelei," alisema kabla Wakhungu hajaketi vizuri.

"Sawa. Niambie tu kwa nini mtu anaweza kujifanyia hivyo. Anataka kufa?"

"Wengi hawataki. Lakini wengine wanafika huko, ndio maana hatupuuzi hata mara moja. Mara nyingi mtu ako na uchungu na hana pa kuuweka. Inaweza kuwa hatia, ama hasira. Mwingine moyo umekufa ganzi, anatafuta kusikia chochote. Akijiumiza anatulia kidogo. Halafu aibu inakuja, na aibu inarudisha ule uchungu."

"Watu husema ni kutafuta kuonekana."

"Anayetaka kuonekana anavaa mikono mirefu kwa jua hili?"

Wakhungu akainamisha kichwa. "Na anaachaje?"

"Kwa kuongea, pole pole. Anajifunza kwamba ile hamu inapanda halafu inashuka, akiweza kuingoja. Mwingine anaingoja akitembea, mwingine akiandika, mwingine akitunga shanga. Anakaa mbali na vitu vya kumuumiza. Anapigia mtu."

"Alinipigia mimi. Nikakata. Mara tatu."

Jacinta hakumpa pole. "Basi ulikata. Hiyo ni yako, ibebe. Lakini usiende kuitua kwake. Ukilia mbele yake ataanza kukubembeleza wewe, na hizo nguvu anazihitaji."

"Sasa nifanye nini?"

"Tengeneza kile uliharibu wewe. Hicho kingine ni chake, na ako na watu wa kumsaidia."

Alichoharibu alikijua. Jumapili iliyofuata, akina mama walipoketi, akasimama mbele yao na shati lake jeupe limeshika mgongo kwa jasho. Kusema si chale kulikuwa rahisi. Wangeuliza basi ni nini, na jibu halikuwa lake.

"Mama zangu, wiki jana mliombea Mugure kwa sababu yangu. Niliwaambia uongo. Hajaenda kwa mganga yeyote. Niliona kitu sikukielewa, nikakipa jina bila kuuliza."

"Sasa kilikuwa nini, mwanangu?" akauliza mama mmoja.

"Sitasema."

"Na tutaombeaje kitu hatujui?"

"Niombeeni mimi. Mimi ndio nimekosa."

Rebecca alitazama Biblia iliyokuwa mapajani na hakugeuza ukurasa. Wageni walipoondoka alisema, "Umeniaibisha mbele ya kikundi."

"Ndio, Mama. Na sisi tulimwaibisha yeye."

Udaku, ambao mara nyingi ni wa kulaaniwa, siku hiyo ulifanya kazi nzuri. Mmoja wa akina mama wale alikwenda agrovet Jumatatu kununua chakula cha vifaranga, naye hakuweza kukaa na habari. Jumanne saa saba Wakhungu alikuwa Kona Baridi, ameshika utepe wa kupimia na upepo ukimpiga mgongoni, simu ikaita. Aliachilia utepe.

"Daktari."

"Ulisimama mbele ya wamama?"

"Nilisimama."

"Wakauliza ni nini?"

"Waliuliza. Nikasema sitasema."

Mugure akaachana na habari za wamama.

"Mama yangu alinipigia mara tatu," alisema. "Tulikuwa tumekosana, nikakata zote. Asubuhi nikaambiwa ameaga. Ilianzia hapo, Wakhungu. Nilikuwa naona lazima mtu aniadhibu, na hakuna mtu alikuwa ananiadhibu. Sasa na wewe, mara tatu..."

Wakhungu alitaka kupiga magoti pale pale kwenye mawe aombe msamaha mpaka jioni. Akamkumbuka yule mama wa sweta ya kijani, akabaki wima.

"Nilikosa," alisema. "Niko hapa. Endelea."

Akaendelea. Alimweleza jinsi Seleyian alivyomfundisha kutunga shanga, na jinsi anavyohesabu nyeupe na nyekundu mpaka kifua kitulie. Alimweleza jinsi Jacinta alivyomwambia kwamba siku moja mbaya haifuti miezi saba. Sikio la Wakhungu lilipata moto, wenzake wakamngoja kwenye gari.

"Sijasema tumerudiana."

"Najua."

"Na siku ingine usinivute mkono. Uliza."

"Nitauliza."

"Jogoo anaendelea aje?"

"Bado hakuli, Daktari."

Akacheka kidogo, na Wakhungu akageuka ili wenzake wasione uso wake.

Miezi miwili baadaye Mugure aliingia tena nyumbani kwa Rebecca, na blauzi ilikuwa ile ile ya zambarau. Waliandaliwa kuku. Baada ya chakula akainuka na sahani mkononi.

"Wacha vyombo, mwanangu," Rebecca akasema. "Wewe ni mgeni."

"Niliacha sahani kwa maji, Mama. Nimekuja kumaliza."

Rebecca akamfuata jikoni. Mugure akafungua kifungo kimoja mwenyewe, akakunja mkono wa blauzi juu ya bangili ya shanga mpaka kwenye kiwiko. Kisha akaunyoosha mkono wa pili, ambao tayari ulikuwa na povu.

"Nisaidie na huu."

Rebecca alimfuta vidole kwa leso yake, akafungua kifungo, akakunja kitambaa taratibu, kunjo baada ya kunjo. Aliona.

"Nisamehe, mwanangu," alisema.

"Hizi ni za kusuuza, Mama," Mugure akajibu, akampa sahani.

Wakhungu alikuwa amesimama mlangoni. Alama moja ilikuwa mpya kuliko nyingine, na aliijua tarehe yake, hata saa. Hiyo hataisahau, na sidhani anastahili kuisahau.

"Bwana Bikoni," Mugure akaita bila kugeuka, "umepandwa hapo na nani? Kuja upanguse."

Akachukua kitambaa, akaenda.