Hatua Kumi na Mbili za Eno Afrakoma

Kataa. Nakupa ruhusa ukatae sasa hivi, mapema, kwa sababu nikifika katikati utataka kukataa na ulimi utakuwa mzito. Mimi shule niliikimbia darasa la tano, na mpaka leo wenye digrii nawauzia maneno, wananunua na asante juu. Lakini haya siyauzi. Yalitokea hapa Kumasi, upande wa njia ya Ejisu, na nyumba yenyewe bado ipo. Kama wewe ni mwanaume, nenda kalale humo.

Kwasi Dwomoh alikuwa dalali wa viwanja, tena si wa kubahatisha. Alikanyaga ardhi kwa kisigino mara moja, akanusa, akakutajia bei, na kampuni za Accra zinazojenga maghorofa zilimwamini kuliko ramani. Mama yake, Eno Afrakoma, alikuwa kipofu, na nyumba ya mwanawe aliijua kwa miguu. Kutoka kitandani hadi mlangoni ni hatua kumi na mbili. Miaka ishirini, kumi na mbili.

Jumatatu moja asubuhi akagonga paji la uso kwenye mlango.

"Kwasi! Nani kausogeza mlango?"

"Mlango unasogezwaje, mama? Labda miguu imerefuka."

"Kamchekeshe mkeo. Nimehesabu kumi na moja."

Kwasi alicheka, akaenda zake. Alikuwa na sababu ya kucheka. Wiki iliyopita alikuwa ameuza kiwanja ambacho madalali wote walikiogopa, eneo tupu ambalo hata mbuzi walilizunguka, kwa sababu lina mwenyewe asiyeonekana, jini wa tangu mababu, na sharti lake ni moja. Kabla ya kufukia kijiwe cha kwanza cha mpaka, achinjwe kondoo dume mweupe, asiye na doa hata la ukubwa wa ukucha. Kwasi hakuwa mjinga. Alinunua kondoo mweupe kama pamba kwa kijana mmoja hodari wa mtaa wa Zongo, jina tuliache. Damu ikamwagwa, pombe ikamwagwa, mnunuzi akatajwa jina mbele ya wazee. Kila kitu kikaenda kwa utaratibu.

Basi kwa nini Jumanne hatua zikawa kumi?

Jumatano Kwasi alichomoa utepe wake wa kazi, akapima chumba. Futi kumi na tano, kama fundi alivyojenga. Akamshika mama mkono. "Haya, tembea nikuone." Mama akatembea hatua zake zilezile za kizee, na ya tisa ikamfikisha mlangoni. Kwasi hakucheka tena.

Adhuhuri hiyo, michi ya majirani ya kutwanga fufu ya mchana ilipotulia, sauti ikaanza. Krrrr, halafu tap! Dalali gani asiyeijua? Ni utepe unaovutwa na kuachiwa. Utepe wa Kwasi ulikuwa mfukoni mwake. Chumba kikanuka udongo mbichi, udongo uliochimbwa sasa hivi.

"Mwanangu," mama akanong'ona, "kuna mtu ananipima. Ana mikono baridi. Ameanzia nyayoni."

Alhamisi wakamhamishia Bantama, kwa dada yake Kwasi, nyumba ambamo hajawahi kulala, na bado jioni alipoinuka kwenye mkeka alihesabu saba tu hadi mlangoni, na ile krrrr ikamfuata chini ya mkeka, chini ya meza, ndani ya shuka alilojifunika, na harufu ya udongo ikaingia hadi kwenye supu, mpaka dada akasimama uani na kumwambia kaka yake kwa sauti ya chini, "Mrudishe kwako. Nina watoto. Mrudishe, Kwasi."

Ndipo akaitwa Nana Abrafi, mganga. Alikuja Ijumaa alfajiri, akaweka kiganja sakafuni, akakitoa haraka kama aliyeungua.

"Kondoo alikuwa mweupe?"

"Kama pamba, Nana."

"Kabisa?"

"Nakuapia kwa uhai wa mama yangu."

"Usiape kwa kitu kilichobaki hatua nne." Abrafi akamtazama. "Mwenye ardhi anajilipa kwa mama yako. Kama kondoo hana doa, doa liko kwako. Nenda kalitoe kiwanjani mbele za watu."

Na Kwasi doa alikuwa nalo, dalali gani hana? Alisimama katikati ya vijiwe vya mipaka, akakiri mbele ya familia nzima iliyomiliki ardhi ile kwamba aliwaambia ni bwawa ili wakubali bei ya bwawa, kisha akaiambia kampuni ni dhahabu.

"Bwawa?" Mzee Bediako, mkuu wa familia hiyo, alimsogelea. "Nilikulisha kwangu, Kwasi. Ulikula kuku wangu ukaniambia bwawa?"

"Nisameheni. Mama yangu anakufa."

"Na afe!"

Wakampiga. Mawe, fimbo, viatu. Wakachukua na gari lake. Alirudi nyumbani akitambaa, meno mawili mkononi, na unajua alikuwa anafanya nini? Anacheka. Kwa sababu nyumba ilikuwa kimya. Hakuna utepe, hakuna udongo. Jumamosi nzima mama alikula fufu, akatania, akamwosha mwanawe majeraha kwa kupapasa. "Sasa umekuwa mbaya kuliko baba yako," akamwambia. Akakatazwa kuinuka kitandani. Kwa nini wajaribu bahati?

Jumapili, jogoo wa kwanza, Kwasi alisikia sauti yake: "Moja."

Kisha: tap!

Alimkuta amesimama wima kando ya kitanda, uso umebanwa na ukuta usiokuwepo, pua imelala upande, viganja vimetandazwa hewani kama juu ya kioo, na sakafuni, viwili miguuni pake na viwili nyuma yake umbali wa urefu wake, pana vijiwe vinne vya mpaka, vya zege, vyenye vichwa vyekundu vimefukiwa kwenye saruji isiyo na ufa. Seremala alipokuja kupima jeneza, Kwasi alimwambia asihangaike, apime tu kati ya vijiwe. Ilitosha sawasawa.

Mpaka leo Kwasi anauliza watu barabarani: nilikosea wapi, si nilisema yote?

Alisema yote. Mimi ndiye sijasema.

Kijana hodari wa Zongo ni mimi. Yule kondoo alikuwa na doa jeusi nyuma ya sikio, si kubwa, kama sarafu. Nililipaka chokaa ya ukuta, nikamsifia mnyama mpaka Kwasi akaniongezea sidi hamsini. Nilimchinja mwenyewe, ngozi nikaikimbiza kabla hawajaiona. Na Ijumaa ile, Kwasi alipokuwa anaungama, nilikuwepo kiwanjani. Mama alikuwa bado na hatua nne. Neno moja langu lingetosha.

Jiwe la pili lililompata Kwasi lilikuwa langu.