Silinda ya Nne

"Mgonjwa wako anaingia Gerezani sasa hivi," Polycarp, mwenzake wa Idara ya Usalama, alisema kwenye simu. "Mwekundu. Anakohoa."

Anifa Chilumba alikata simu, akajipaka oili mashavuni.

Jasusi huyu alijigeuza fundi magari mtaani Gerezani, nyuma ya Kariakoo, kwa ajili ya "mgonjwa" huyo mmoja tu: gari. Ndani yake kulikuwa na sumu ya kumwagwa kwenye kiwanda cha barafu cha Feri, soko la samaki, kabla ya saa sita mchana. Jioni, nusu ya jiji ingekula samaki na kufa. Makachero wa bandarini walipekua matairi, viti na tangi, wakatoka mikono mitupu. Basi wakaliachia, na trafiki wa bandia akamshauri dereva alipeleke kwa Anifa.

Datsun 240Z nyekundu ya mwaka 1972. Iliingia ikitetemeka.

"Mambo, sista!" Dereva, Hillary, alikuwa kijana mcheshi. "Inamisi hii. Kwenye foleni inataka kuzima. Wanasema kabureta."

"Fungua boneti. Usizime."

Anifa alichomoa waya wa plagi ya kwanza. Injini ikazidi kuyumba. Akaurudisha. Wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu pia.

Akachomoa wa nne.

Hakuna kilichobadilika: silinda hiyo haikuwa ikifanya kazi.

"Zima. Kanywe kahawa pale, kaka. Nitakuita."

Plagi ya nne ilikuwa kavu, safi kabisa. Moto haukuwahi kuwaka pale. Akatumbukiza spoku ya baiskeli kwenye tundu, akazungusha injini kwa spana. Kama pistoni ingekuwepo, spoku ingepanda.

Haikupanda.

Wajinga wakubwa! Waling'oa pistoni wakaficha mzigo, kisha wakafunga plagi mpya ya dukani. Wangeipaka masizi tu, isingemshtua mtu.

Akachomoa sumaku nyembamba inayorefuka kama eriali ya redio. Akaiingiza tunduni, ikatoka na mrija wa chuma, mwembamba kama kalamu, umezibwa pande zote.

"Ninao," alimwambia Polycarp.

"Safi. Nimkamate dereva?"

"Mwache aende. Namtaka Vargo."

Vargo ndiye mgeni aliyeagiza sumu. Hakuna aliyekuwa na picha yake. Idara ilikuwa na sauti yake tu.

"Anifa, wakikuta silinda tupu watamuua huyo kijana. Yeye anajua amebeba tanzanite, si sumu."

"Najua anachojua."

Akabandika chini ya dashibodi kinasa sauti kidogo kama kifungo, cha kumrushia kila neno. Hillary akarudi na kikombe mkononi.

"Nimekuletea na wewe, sista. Na kashata. Imepona?"

"Plagi tu. Itakufikisha."

"Mungu akubariki. Wife kajifungua jana, namalizia hii kazi niwahi Temeke."

Anifa akapokea kahawa. Akafunga boneti.

Saa tano alikuwa kibandani kwake, kidude cha kusikilizia sikioni, akitafuna kashata. Polycarp na vijana wake walikuwa wamejibanza nje ya ghala moja pale Feri, alikoingia Hillary, SMG mkononi. Ndani, spana ililia ikifungua injini. Kisha kofi.

"Iko wapi?"

"Haki ya Mungu sijui, bosi! Kaigusa fundi tu, dada mmoja Gerezani! Muulizeni!"

"Tuingie?" Polycarp alinong'ona.

"Bado. Sijamsikia Vargo."

Hillary alipiga yowe. Kitu kizito kilimpiga, akapiga yowe tena, kisha akaanza kulia kama mtoto.

"Anifa! Wanamuua!"

"Bado."

Ndipo ikaja sauti nyingine, nzito, isiyo na haraka, ya mtu aliyejifunza Kiswahili ukubwani.

"Huyu hana faida tena."

Ndiye.

"Ingieni."

Risasi moja ilisikika kabla mlango haujavunjwa. Nyingi zikafuata. Halafu Polycarp, akihema.

"Vargo ana pingu. Wenzake wamelala chini."

"Dereva?"

"Ile risasi ya kwanza. Umechelewa, Anifa."

"Watu wa Feri wako hai."

"Simu inaita mfukoni mwa dereva. Imeandikwa 'Mama Watoto'. Nipokee nimwambie nini?"

"Usipokee."

Anifa akanawa mikono kwa petroli, akavua ovaroli, akaelekea Mtaa wa Msimbazi bila kugeuka nyuma.