Kupanda Meli kwa Bei ya Wenyeji

Ndugu zangu wa Karatu, na nyinyi wa kwetu Endulen mnaoshuka mjini siku za mnada, leo sikuja na maziwa, nimekuja na maneno. Wengine mtasema Nosim, mama Kimaren, ameacha biashara ameanza kuhubiri. Semeni tu. Niliyoyaona katika nyumba mbili zinazopakana ukuta yamenikaa kooni, na sehemu ya kosa ni yangu, kwa hiyo nitayatoa yote bila kujificha.

Mimi huzungusha maziwa kila asubuhi mtaa wa nyuma ya soko. Nyumba ya kwanza ni ya Hasani na mkewe Zuleha, mwenye duka la vitenge. Ya pili ni ya Nafisa, dada yake Hasani, aliyeolewa na Abdulmajid, yule anayenunua vitunguu Mang'ola na kuvisafirisha kwa Fuso lake. Zuleha na Nafisa walikuwa mawifi, lakini mawifi wa aina ambayo wengi wenu hamjawahi kuiona majumbani mwenu. Walitoboa mlango kwenye ukuta ili wasizunguke barabarani. Mmoja akikaanga maandazi, sahani ilipita mlangoni pale ikiwa bado ya moto. Ukungu ukishaondoka waliketi uani kuota jua, wakanikaribisha chai niliyowauzia maziwa yake mwenyewe, nami nikasahau kwamba nina wateja wengine.

Siku hizo mazungumzo yao makubwa yalikuwa chumba cha Bi Mayasa, mama mzazi wa Zuleha. Bi Mayasa aliishi peke yake Mang'ola, kwenye nyumba ya tofali mbichi, na macho yake yalikuwa yamefifia. Zuleha alikwisha kuchimba msingi nyuma ya nyumba yake. Tofali zilipangwa, mchanga ulimwagwa, na fedha za kujenga na kuezeka zilikuwa benki.

"Masika hayamkuti mama Mang'ola," alikuwa akituambia. "Sitaki alale tena peke yake kwenye ile nyumba."

Naye alisema kweli. Zuleha alimpenda mama yake. Nawaambia hivi mapema ili msije mkadhani nawasimulia habari za mtu mbaya.

Ikaja siku Nafisa na mumewe wakasafiri. Walikwenda Durban, Afrika Kusini, ambako mdogo wake Abdulmajid anafanya kazi, na kutoka huko wakapanda meli ya kitalii, ile iliyo kama hoteli inayotembea juu ya maji. Siku nne, mpaka visiwa vya Msumbiji na kurudi. Waliporudi, Nafisa alikuwa na picha mia mbili kwenye simu na neno moja mdomoni. Kule melini chai inamiminwa na mashine. Kule melini shuka wanabadilisha kila siku. Ukimwambia sukari imepanda bei, alikuambia kule melini sukari ni bure. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa amefurahi tu, na mtu aliyefurahi hachoki kusema.

Lakini mimi nilikuwa nikimtazama Zuleha. Alitazama picha tatu za kwanza kwa tabasamu. Ya nne aliitazama kwa muda mrefu. Ya tano alisema ana kazi dukani.

Sasa sikilizeni kosa langu. Asubuhi moja Nafisa aliniita jikoni, akaninong'oneza namna walivyopata nafasi kwa bei nafuu.

"Mama Kimaren, siri ni randi. Ukifungua ukurasa wao kwenye simu wanakuwekea bei ya dola. Mimi nikaibadilisha, nikalipa kwa randi, pesa ya kwao huko. Meli ileile, chumba kilekile, nimeokoa karibu laki tano. Lakini usimwambie mtu, watu watasema najisifu."

Nikamwambia sitasema. Kisha nikatoka na ndoo yangu, nikaingia nyumba ya pili, na kabla sijamaliza kupima lita ya kwanza nilikuwa nimekwisha kusema. Kwa nini? Kwa sababu hata mimi niliona wivu, jamani. Nilitaka nami niwe na kitu ambacho mwingine hana, hata kama kitu chenyewe ni habari.

Zuleha aliweka sufuria chini.

"Kwa hiyo wewe muuza maziwa umeambiwa, na mimi wifi yake nimefichwa?"

"Hakukuficha, ni..."

"Basi. Nami nitakwenda. Yeye alilala chumba cha ndani kisicho na dirisha, mimi nitalala chumba chenye baraza la kutazama bahari. Na nitalipa chini ya alivyolipa yeye."

Siku ileile alisukuma pipa la maji mbele ya ule mlango wa ukutani. Nafisa alipogonga akiwa na sahani yake, aliambiwa azunguke barabarani.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Hasani mwenyewe, baadaye, akiwa hana tena cha kuficha. Ni lazima mjue kazi ya Hasani. Mwaka wa kumi na moja huu anashughulikia vibali vya wageni wa kampuni moja ya utalii. Kila siku yuko geti la Lodoare, pale tunapoingilia Ngorongoro. Nanyi mnajua utaratibu wa pale: raia wa hapa analipa kidogo kwa shilingi, mgeni wa mbali analipa dola nyingi. Kila wiki hutokea mgeni mwenye shilingi mfukoni anayetaka kulipa kama sisi, na Hasani ndiye anayemweleza kwa upole kwamba kinachoamua bei si noti aliyoshika, ni kitambulisho chake.

Basi wakaketi yeye na mkewe na simu. Wakaikuta bei ya dola. Wakaikuta bei ya randi, ileile aliyolipa Nafisa. Na chini yake wakaikuta bei ya tatu, ndogo zaidi ya zote mbili. Hasani akasoma maandishi ya pembeni.

"Hii ni ya wenyeji wa Afrika Kusini tu, mke wangu. Inabidi uthibitishe kwamba unaishi kule."

"Inasema bofya hapa. Bofya."

"Zuleha, mimi kazi yangu ni hii. Watatudai kitambulisho."

"Tunalipa kwa pesa yao, watatudai nini tena? Au unaogopa dada yako asije akapitwa?"

"Tulipe kama alivyolipa Nafisa, basi."

"Kama Nafisa! Nipande meli nikafanane na Nafisa?" Kisha akasema neno ambalo mwanamume yeyote wa mtaa huu lingemuuma. "Abdulmajid angekuwa amekwisha kubofya."

Hasani akabofya. Alijua, na akabofya. Fedha zilizolipa meli na tiketi za ndege zilikuwa zile za chumba cha Bi Mayasa.

"Chumba kitasubiri," Zuleha aliniambia nilipomuuliza kuhusu tofali. "Mama amekaa Mang'ola miaka yote, miezi miwili mitatu itamfanya nini?"

Siku ya kuondoka alizunguka barabarani akaenda kwa Nafisa, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa wiki nyingi, akamwonyesha risiti.

"Chenye baraza, wifi. Si kile kisanduku mlichofungiwa nyinyi."

Nafisa aliisoma risiti, akamrudishia. "Mwende salama. Ila mawingu yameanza, wifi. Mama atakaa na nani?"

"Hayo ni yangu na mama yangu."

Huko Durban walifika bandarini asubuhi, Zuleha amevaa dera jipya la bluu. Foleni ilikuwa ndefu na kila mtu anacheka. Dada wa kaunta alizipokea pasi zao, akatazama kompyuta, akaomba kitambulisho cha mwenyeji. Zuleha akampa risiti. Akaombwa kitambulisho tena.

"Lakini tumelipa kwa randi!" Zuleha alisema kwa sauti.

Dada yule akamjibu kwa upole kwamba kwa randi anaweza kulipa mtu yeyote duniani, ila bei ile ni ya watu wanaoishi kule. Hasani anasema aliinamisha kichwa, maana maneno yale alikuwa ameyasema yeye mwenyewe, kwa wageni wa watu, mara zisizohesabika. Waliambiwa waongeze fedha kwa bei ya siku hiyo, ambayo ilikuwa kubwa kuliko fedha walizobaki nazo mfukoni, au wabaki. Na kwa masharti waliyoyakubali walipobofya, walicholipa hakirudi. Wakabaki.

Hapo, ndugu zangu, palikuwa bado na njia ya kutokea. Wangepiga simu nyumbani, wangesema tumekosea, wangecheka, tungecheka nao, tungesahau. Mtu akishikwa na wivu hawezi kusema neno hilo moja. Zuleha alisimama nje ya geti la bandari akajipiga picha, meli ikionekana nyuma yake. Akaituma kwenye kundi la familia akaandika: "Tunaondoka sasa. Baharini hakuna mtandao, tutaongea tukirudi." Akazima simu yake, akamwambia Hasani azime ya kwake. Kisha wakapanga chumba cha bei rahisi kwenye uchochoro, kisicho na dirisha, wakala mkate na soda kwa siku nne wakingoja meli irudi, ili nao warudi.

Siku ya pili mvua ilishuka Mang'ola kama haijawahi kunyesha. Kabla ya adhuhuri ukuta wa nyumba ya Bi Mayasa ulilowa, ukaanguka ndani, ukamvunja mguu. Jirani yake, mkulima mmoja anaitwa Sakaya, alimtoa kwenye matope. Akampigia Zuleha. Simu haipatikani. Akampigia Hasani. Haipatikani. Akapiga mara nyingi, mpaka akakumbuka kwamba ana namba ya Abdulmajid kwa ajili ya vitunguu.

Mimi nilikuwa mlangoni kwa Nafisa nadai vyombo vyangu. Habari ilipofika nikapanda Fuso pamoja na Nafisa na mumewe. Barabara ilikuwa tope tupu, tulikwama mara mbili, na Nafisa alishuka mara zote mbili kusukuma na nguo zake zile za mjini. Tulimkuta Bi Mayasa amelazwa juu ya magunia ya vitunguu, anatetemeka.

"Zuleha yuko wapi?" ndilo neno lake la kwanza.

"Yuko baharini, mama," Nafisa akamjibu. "Kule hakuna mtandao."

Bi Mayasa akageuza sikio upande wa mvua. "Na mvua hii," alisema, "isije ikawa inamnyeshea huko."

Mimi nililia pale pale, siwafichi.

Tulimleta hospitali, akafungwa bandeji ngumu ya mguu mzima, na alipotoka Nafisa alimlaza chumbani kwa watoto wake. Siku ya tatu baada ya ukuta kuanguka, Zuleha na Hasani wakawasili. Watu wa stendi waliwapa habari kabla hawajashusha begi. Zuleha aliingia kwa Nafisa anakimbia, akapiga magoti mbele ya mama yake, akashika mikono yake.

"Umerudi, mwanangu," Bi Mayasa alisema, na uso wake wote ulifurahi. "Nimekungoja. Nisimulie bahari."

Zuleha alianza. Alisema maji yalikuwa ya bluu. Alisema meli ilikuwa kubwa kuliko soko la Karatu. Akatazama ule mguu, akatutazama sisi, akashindwa.

"Mama, sikupanda. Walinikatalia. Nilikuwa mjini palepale siku zote nne."

"Sasa ule mtandao?"

"Mtandao ulikuwepo. Nilizima simu mwenyewe." Akamnyooshea Nafisa kidole. "Ili huyu asijue."

Bi Mayasa akaivuta mikono yake polepole kutoka mikononi mwa binti yake.

"Nafisa," akaita, akipapasa hewani upande usio na mtu. "Nafisa, mwanangu, njoo unigeuze. Nataka kulala."

Nilimwona Zuleha wakati neno lile "mwanangu" linakwenda kwa mwingine. Miezi yote ile alikuwa ameonea wivu meli, baraza na picha, vitu visivyokuwa na faida yoyote kwake. Sasa alipata cha kuonea wivu kweli.

Msingi wa chumba upo hadi leo, umejaa maji ya mvua. Bi Mayasa amekataa kuondoka kwa Nafisa hata alipoambiwa tofali zitaanza kupanda. Hasani ameniambia kwamba getini sasa anaona aibu kuwaeleza wageni masharti. Zuleha huenda kwa wifi yake kila siku akishafunga duka, anabisha hodi, anakaribishwa kama mgeni. Juzi nilimkuta anamsuka mama yake.

"Nani ananishika kichwa?" Bi Mayasa aliuliza.

"Ni mimi, mama. Zuleha."

"Haya," alisema. "Usikaze sana."

Zuleha alilegeza vidole, akaendelea kusuka.

FUNZO

Ndugu zangu, kutafuta bei nafuu si dhambi. Nafisa alilipa kwa randi akaokoa fedha zake kihalali, na yeyote anayeweza afanye hivyo. Lakini someni masharti, na msidai haki ya wenyeji mahali ambapo nyinyi ni wageni. Sisi wa Karatu hatuna udhuru, maana tunaishi kwa utaratibu huohuo kila siku.

Ila hilo ni dogo. Kubwa ni wivu. Wivu haukumnyang'anya Nafisa hata kijiko. Ulichukua chumba cha mama mzee, ukamfundisha binti anayempenda mama yake kuzima simu. Ukiona furaha ya jirani inakuuma, sema. Mwambie yeye mwenyewe, "Mwenzangu, nimekuonea wivu." Utaona aibu kwa dakika moja, na hiyo ndiyo gharama yake yote.

Na sisi wenye kupita nyumba hii na ile, tunapoambiwa tulitunze neno, tulitunze. Mimi nilimwomba Nafisa msamaha, akanisamehe. Kwa Bi Mayasa bado sijapata ujasiri. Nikifika pale nampimia maziwa yake, namsalimia, naondoka upesi kabla hajaniuliza Zuleha aliipata wapi habari ya ile bei nafuu.