Victoire Ajifunza Kumaliza Sentensi

Victoire alikuwa fundi cherehani kule mtaani Nateete. Alitoka Bukavu na mumewe, Blaise, na mtoto wao, Bienfait. Mkono wake ulikuwa mwepesi: gauni la kitenge akilianza asubuhi, jioni mtu anavaa. Lakini wateja waliadimika. Blaise akasema wazi, "Hali ikiendelea hivi, tunauza mashine." Ee Mungu! Victoire alilia, maana ndiyo kazi pekee aliyoipenda.

Mara akasikia shule ya jirani inatafuta fundi wa kushona sare. Akajipamba, akaenda kwa mwalimu mkuu. Mama yule hajui Kiswahili hata kidogo, ni Kiingereza tu.

Victoire akasema, "Because my machine is strong," yaani, kwa sababu mashine yangu ni imara. Akanyamaza, macho chini. Mwalimu mkuu akamtazama. Victoire akaongeza, "If you give me cloth," yaani, ukinipa kitambaa. Akanyamaza tena. Mwishowe akaambiwa arudi Ijumaa, akiwa tayari kusema anachotaka.

Alirudi nyumbani uso umemshuka. Uani alimkuta jirani yake Lamwaka, askari polisi, akianua nguo. Mtaa mzima ulimwita afande.

"Mama Bienfait, nani amekuudhi?"

Victoire akamweleza yote. Lamwaka akasikiliza mpaka mwisho.

"Sasa hapo uliomba nini?"

"Si nimeomba kazi!"

"Wapi? Mimi sijasikia."

"Afande, nilivyolelewa, mkubwa haombwi kavukavu. Unamweleza hali yako, yeye mwenyewe anamalizia."

"Adabu hiyo naiheshimu. Lakini kwa Kiingereza, malizia mwenyewe. Mimi naandika maelezo ya watu kituoni. Mtu anasema, 'Kwa sababu alikuwa amelewa,' halafu kimya. Namuuliza, nani alifanya nini? Asiponiambia, nitaandika nini?"

Lamwaka akaweka nguo kando, akaketi.

"Sikia. Fungu la maneno lenye kitenzi tunaliita kishazi. Kishazi huru kinajitosheleza. 'I want to sew the uniforms.' Nataka kushona sare. Jambo limeeleweka. Kishazi tegemezi huanza na neno kama because au if. Kikiwa peke yake, msikilizaji anabaki anangoja."

"Kama mkono wa shati usio na shati," Victoire akasema.

"Ehee! Fundi ni fundi. Kishazi huru kimoja ni sentensi sahili. Ukiunga vishazi huru viwili kwa and au but, yaani 'na' au 'lakini', ni sentensi ambatano. Kishazi huru kikibeba kishazi tegemezi, ni sentensi changamano. Haya, unga chako."

Victoire akasita. Kutaja haja yake waziwazi kulimtia aibu, akajiona mkosa adabu. Hatimaye akasema polepole, "I want to sew the uniforms because my machine is strong."

"Safi! Na mbele yake weka 'Please, madam,' tafadhali mama. Heshima yako iko palepale."

Siku zilizofuata alikariri hata akiosha vyombo.

Ijumaa akaenda. Alisema sentensi yake yote bila kuikata. Mwalimu mkuu akaweka kalamu chini.

"Siku ile nilikungoja umalize," akasema kwa Kiingereza, taratibu. "Uliponyamaza, nilidhani bado hujaamua unachotaka."

Victoire akaelewa. Kumbe walikuwa wanangojana! Akacheka mpaka machozi, na mwalimu mkuu naye akacheka.

"When do I start?" Victoire akauliza. Naanza lini?

"Leo," akajibiwa, na watoto wa darasa la kwanza wakaitwa waje kupimwa.

Jioni Blaise alimkuta mkewe katikati ya vitambaa vya kijani, mashine inanguruma. Habari ya kuuza hakuitaja tena. Alivua koti, akakaa chini, akaanza kumshonea vifungo.