Masikio ya Kiranjot

Kila Jumamosi, akishamaliza chapati zake za viazi na chai, Kiranjot alibeba dhol, ngoma kubwa ya kuvaa begani, akaenda kwenye ukumbi ulio karibu na gurdwara yao, hekalu la Masingasinga, mjini Smethwick, Uingereza. Hapo ndipo kikundi cha shangazi yake Balvir kilipofanyia mazoezi. Kiranjot, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alikuwa mdogo kuliko wote.

Kikundi hicho kilijulikana sana kwenye harusi za Wapunjabi. Lakini katika tamasha kubwa la kiangazi kila mwaka kilipewa kihema pembeni, watu wakipita na sahani zao bila kusimama. Mwaka huo waandaaji walipiga simu: kingepiga kwenye jukwaa kuu. Shangazi Balvir aliposikia aliketi kwenye ngazi.

"Basi tufanye mazoezi," alisema hatimaye. "Na kila mtu avae vizibo vya masikio. Dhol haina huruma."

Tejpal, binamu yake Kiranjot, alicheka shangazi alipogeuka. "Mpiga ngoma anayeogopa ngoma yake! Hivyo ni vya mabibi."

Kiranjot alivichomoa, akavitia mfukoni.

Baada ya wiki chache, masikio yake yalianza kuvuma kama birika linalokaribia kuchemka. Hakumwambia mtu. Alihofia kuondolewa jukwaani.

"Sogeza bakuli," mama alimwambia mezani.

"Nimeshakula, mama."

Mama alimtazama, akadhani anafanya mzaha.

Jumamosi iliyofuata, mwimbaji alinyamaza katikati ya wimbo na ngoma zote zikanyamaza. Ya Kiranjot pekee iliendelea. Wengine waliangua kicheko. Shangazi hakucheka. Alikwenda nyuma yake, akamwita kwa sauti ya kawaida. Kiranjot hakugeuka.

Shangazi akamgusa bega. "Tangu lini, mwanangu?"

Kiranjot alitaka kusema hajambo, lakini machozi yalimtangulia. Akaeleza yote. Tejpal aliinamisha kichwa.

"Maneno yalikuwa yangu, shangazi," alisema. "Mimi ndiye niliyemcheka."

Daktari aliyempima alisema wamewahi. Masikio yangepona yakipumzishwa. Kwa hiyo hakuna ngoma mpaka siku ya tamasha, na siku hiyo ni wimbo mmoja tu, tena kwa vizibo.

Zile Jumamosi zilikuwa ndefu. Kiranjot aliketi nyumbani akipiga mto kwa vidole. Jioni Tejpal alipita kumwonyesha mapigo mapya kwa kugonga goti lake, taratibu, mpaka akayashika.

Siku ya tamasha alisubiri kando ya jukwaa huku wenzake wakipiga nyimbo nyingine zote bila yeye. Iliuma. Mbele yao uwanja ulijaa, na watu ambao hawajawahi kukanyaga harusi ya Kipunjabi walicheza kila mmoja kwa mtindo wake, matope hadi magotini. Kisha shangazi akampa ishara. Kiranjot alibonyeza vizibo, akavaa dhol, akaingia. Hakukosa pigo hata moja.

Walipomaliza, watu walipaza sauti wakitaka wimbo mwingine. Shangazi alimshika mkono wakiwa wanashuka.

"Umewasikia?"

"Nimewasikia, shangazi."

"Nilikuwa na umri kama wako nilipoanza kuota jukwaa hili. Watu wa nchi hii wamechukua miaka mingi kutusikia," shangazi alisema. "Ningeumia sana kama wangetusikia leo, halafu wewe usiweze kuwasikia wao. Mwili ukikwambia unaumia, sema mapema. Kuficha ugonjwa si ushujaa. Na anayekucheka kwa kujilinda hatakuazima masikio yake."

"Hata Tejpal akitaka kuniazima yake, sitaki," Kiranjot alisema. "Ni makubwa mno."

Tejpal, aliyekuwa nyuma yao, alilazimika kuvua vizibo vyake ili aulize wanacheka nini.