Kidonge cha Gulioni

Prisca alipalilia njegere kwa hasira. Kila jembe liliposhuka, udongo uliruka hadi kwenye tuta la chini. Tangu mvua za vuli, mumewe Kasiani alikuwa akilala sebuleni. Mchana alimgombeza kwa kila kitu: chai, kuni, hata kabichi zilizoliwa na wadudu.

Asubuhi hiyo alikuwa amemwambia, "Umenifunga wewe! Mwanamume mzima nimekuwa hivi, nani kama si wewe?"

Prisca alichukua jembe akatoka. Aliogopa kusema maneno yasiyorudishika.

Jioni Kasiani alirudi kutoka gulioni amechangamka. Alioga, akamwita mkewe chumbani. Prisca alipoingia, alimkuta ameshika ukuta, jasho linamtoka. Mara akaanguka kama gunia.

"Baba Amani! Umekunywa nini?"

Kasiani aligusa mfuko wa shati. Mlikuwa na vidonge vya bluu visivyo na jina, vimefungwa kwenye nailoni.

Majirani walimbeba kwa machela wakateremka naye mlima hadi kituo cha afya. Daktari Shadya, binti mdogo kwa umri, alimwekea dripu. Kulipokucha alikuja kumwona.

"Shikamoo mzee. Vidonge hivi ni vya nini?"

"Marahaba." Kasiani aligeukia ukutani. "Siwezi kusema mambo haya mbele ya binti."

Hapo hasira ya Prisca ikafumuka.

"Huwezi? Mbona kuniita mchawi uliweza? Daktari, nguvu zake za kiume zimepungua. Hivyo vidonge kauziwa gulioni na Rogers, yule anayetangaza dawa kwa kipaza sauti. Na kifua kinamsumbua, ana vidonge vingine vya kuweka chini ya ulimi. Jana mchana aliweka kimoja."

Daktari alitikisa kichwa. Naye alikasirika.

"Ndiyo maana ulianguka, mzee. Dawa ya chini ya ulimi inapanua mishipa ya damu. Hii ya nguvu za kiume nayo inapanua. Zikikutana mwilini, presha inashuka ghafla. Mtu anaweza kufa."

"Rogers alisema haina madhara."

"Rogers alikupima moyo? Alikuuliza unatumia dawa gani?"

Kasiani alivuta shuka hadi kidevuni.

"Kwani dawa hizi ni sumu?" Prisca aliuliza.

"Hapana, mama. Zikiandikwa na daktari baada ya vipimo, zinasaidia watu wengi. Zinaipeleka damu inapotakiwa, ila mtu asipokuwa na hamu hazifanyi kitu. Na tatizo lenyewe mara nyingi ni dalili ya sukari, presha, ugonjwa wa moyo, sigara au mawazo. Hakuna aliyemfunga mtu."

Prisca alimgeukia mumewe. "Umesikia? Hebu rudia."

"Hakuna aliyenifunga," Kasiani alisema chini chini.

"Sijasikia!"

"Hakuna aliyenifunga! Nilikusingizia, Mama Amani. Nisamehe."

Prisca hakusamehe siku ile. Vipimo vilionyesha sukari iko juu. Alimsindikiza kliniki, akampikia mboga na dona, lakini hakumchekea. Kasiani aliacha sigara. Katika hospitali ya mjini Morogoro, daktari wa moyo alimbadilishia dawa za kifua. Ilipothibitika kwamba moyo wake unahimili, na kwamba dawa ya chini ya ulimi haitumii tena, aliandikiwa dawa ya nguvu za kiume, dozi ndogo.

"Kimoja tu kwa siku, na siku unapohitaji," daktari alimwambia. "Kifua kikiuma, kimbia hospitali na useme umekunywa hii. Uume ukisimama zaidi ya saa nne bila kulala, kimbia vilevile."

Alifuata dozi na maelezo. Polepole mapenzi yalirudi nyumbani kwao, na maneno matamu pia.

Siku moja ya gulio, Rogers alikuwa akitangaza vidonge vyake, wanaume wamemzunguka. Kasiani alimwachia Prisca tenga la kabichi, akapenya hadi mbele.

"Hivi viliniangusha mimi!" alifoka. "Huyu hapimi mtu, haulizi mtu! Nilikuwa na sukari sijijui, huku namtukana mke wangu!"

Rogers alizima kipaza sauti, akaanza kukunja turubai lake. Wanaume walitawanyika wakiangalia chini. Jirani yao Hatibu alibaki. Alimvuta Kasiani pembeni, akamnong'oneza, "Yule binti daktari anakuwepo siku gani?"

Prisca, aliyewasikia, ndiye aliyejibu.

"Leo yupo. Nenda na mkeo."